Ushauri Ninao Tele, Nitafutieni wa Kushinda Naye Njaa

Nchi hii ina uhaba wa vitu vingi, lakini ushauri haujawahi kupungua. Mwambie mtu mmoja tu pale stendi ya Maili Moja kwamba sukari yako imepanda, na kabla gari halijajaa utakuwa umeshapewa mlonge, mdalasini, kokwa la parachichi lililosagwa, maji ya bamia yaliyolala usiku kucha, na namba ya simu ya mzee aliyemponya shemeji ya mtu. Konda atachangia. Abiria wa kiti cha nyuma, ambaye hata hakuulizwa, atasema hao wote wanakudanganya, dawa ni kitunguu saumu, tena kabla hujapiga mswaki. Wote wanakutakia mema. Hakuna hata mmoja atakayesema, "Mama, kesho alfajiri nitakupitia tutembee."

Mimi ni fundi cherehani hapa Kibaha. Kwa kazi yangu nazijua siri ambazo madaktari huzipata baadaye sana. Sare ya harusi ambayo zamani doti moja ilitosha, sasa inaombewa kipande cha pembeni, na mteja ananiambia vitenge vya siku hizi vinarudi vikifuliwa. Nami naitikia: vinarudi sana, dada. Futi haina adabu, lakini fundi lazima awe nayo. Kwa hiyo ninaposema sisi wanawake wa Maili Moja, Picha ya Ndege na Kwa Mathias tunaongezeka mwaka hadi mwaka, sisemi kwa kusikia. Madaftari ya vipimo ninayo. Mimi mwenyewe huvaa dira, na dira halina maswali.

Hospitali nilikwenda kwa ajili ya goti. Muuguzi akanipandisha kwenye mizani, akaitazama, akamwita mwenzake naye akaitazama. Goti likasahauliwa papo hapo. Nikafungwa mpira wa presha: 150 kwa 95. Nikatobolewa kidole, nikaambiwa nirudi kesho yake sijala kitu. Nikarudi na njaa yangu, sukari ikasoma 6.7. Daktari, kijana wa rika la mwanangu wa pili, akanitazama kwa huruma.

"Mama, kisukari bado. Ila uko mpakani."

Akanieleza vizuri, sina ugomvi naye. Mtu ambaye hajala akipimwa na kukutwa na 7 au zaidi, tena si mara moja, huyo ana kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ndiyo mpakani, na wa mpakani anaweza kurudishwa. Nikamuuliza narudije. Akasema nipunguze uzito, nibadilishe mtindo wa maisha. Nikamuuliza nabadilishaje. Nje kulikuwa na foleni inayofika getini. Akanipa karatasi.

Karatasi yenyewe ina picha ya sahani: nusu mboga za majani, robo wanga, robo nyama au maharage. Kwenye upande wa mboga wamechora kitu kama mti mdogo wa kijani ambacho sijawahi kukiona kikiuzwa sokoni kwetu. Muuza mchicha wangu nilimwonyesha, akasema labda ni cha Dar.

Sasa, mtu wa Kibaha ukimwambia habari za kuzidisha uzito, anaelewa. Mji huu umejulikana kwa mizani ya malori miaka mingi, kabla haijasogezwa mbele huko Vigwaza. Lori likikutwa limepita tani 56, ambazo ndizo mwisho kwa sheria ya Afrika Mashariki, haliambiwi libadilishe mtindo wa maisha. Linasimamishwa, linatozwa faini, mzigo uliozidi unashushwa, na wapo watu kabisa wa kuushusha. Mimi nilikutwa nimezidi, nikapewa karatasi na kuruhusiwa niendelee na safari.

Najua siko peke yangu, na hilo nalo halinifariji. Miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipima maelfu ya watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania, wakakuta wenye kisukari hawafiki mmoja katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kama tisa katika mia, na zaidi ya robo ya waliopimwa walikuwa na uzito uliopita kiasi. Maana yake, katika gari moja la abiria lililojaa kwenda Mbezi wamo wagonjwa kadhaa, wengine hawajijui, wamebanana viti vya watu watatu wakiwa wawili, wanashauriana.

Kisha kuna Profesa Mohamed Janabi na video zake za kutuonya kuhusu tunachokula. Tangu alipokuwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na baadaye Muhimbili, hakuna Mtanzania mwenye simu aliyekula kwa amani. Unashika chapati, unamkumbuka. Unafungua soda, mwanao anasema, "Mama, Janabi anakuona." Mei 2025 alipochaguliwa kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, nilishangilia kwa uzalendo, na kidogo nilishangilia kwamba ofisi yenyewe iko Brazzaville. Haikusaidia kitu. Video zake hazihitaji pasipoti. Na hasira yangu haitokani na uongo; angekuwa anadanganya ningelala usingizi. Anasema kweli, halafu video inaisha, nabaki mimi na sahani.

Vijana wakanisukuma nikajiunge na kikundi cha jogingi. Jumamosi alfajiri, fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo za kumsema asiyekuja. Wanakimbia huku wanaimba, jambo ambalo kwa mtu wa goti ni dhuluma mara mbili. Nikawafuata kwa nyuma na bodaboda wa huduma ya kwanza. Tulipofika mwisho nikadhani tunakwenda kupumzika. Kumbe ndipo kazi inapoanza. Supu ya ng'ombe, bakuli la kufikia kiwiko, chapati mbili mbili, na soda ya kurudisha nguvu. Nikapiga hesabu: tulichokichoma njiani kimerudishwa na riba. Sikurudi. Fulana ninayo, naivaa nikifua.

Baba watoto yeye anasema ananiunga mkono. Huyu bwana huunga mkono kwa mdomo, tena mdomo wenyewe ukiwa umejaa. Ananiambia, "Mke wangu, usile usiku," huku anafungua mfuko wa chipsi mayai, harufu inaingia chumbani kabla yake. Nikinuna ananiambia ananipenda hivi hivi nilivyo. Maneno matamu hayo, na mwenye sukari hatakiwi kupewa.

Nikafikiri sana. Nikaona watu ninaowaamini na fedha zangu, hao hao niwaamini na kilo zangu. Nikaipeleka hoja kwenye kikoba.

Kikoba chetu hukutana Jumamosi jioni, na desturi ilikuwa kila kikao kina chai ya maziwa, maandazi na vitumbua, ili mtu asilete marejesho tumbo likiwa tupu. Nikaomba katiba iongezwe kifungu: kila kikao tupime uzito, na atakayeongezeka atozwe shilingi 2,000 kwa kila kilo. Pakazuka mjadala ambao hata siku ya kumfukuza mweka hazina haukutokea. Jirani yangu muuza maandazi, ambaye ndiye mhudumu wetu wa chai tangu mwanzo, akasimama na kusema kifungu hiki kimeletwa kumuua kibiashara. Katibu akasema uzito wa mtu ni siri kama salio. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye hekima na kiuno ambacho nakijua, akauliza kama kuna msamaha kwa wenye umri mkubwa.

Aliyeniokoa ni mwalimu mstaafu, aliyefundisha baiolojia. Akatueleza kwamba Wamarekani walichukua watu zaidi ya elfu tatu, wote wako mpakani kama mimi, wakawagawa mafungu. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Waliomeza metfomini uwezekano wao wa kuvuka kuingia kwenye kisukari ulipungua kwa asilimia 31. Waliosaidiwa kupunguza mlo, kutafuta kushuka asilimia saba ya uzito, na kutembea dakika 150 kwa wiki, ulipungua kwa asilimia 58. Yaani miguu iliishinda dawa karibu mara mbili. "Na kila mmoja," akasema mwalimu, kidole juu, "alipewa mtu wake wa kumfuatilia."

"Huyo mtu analipwa na nani?" akauliza muuza maandazi.

Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa jioni ile, na halikujibiwa.

Mwalimu akaendelea na habari ya Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York, ambaye mwaka 1961 aliwaita rafiki zake nyumbani kwake, akawafungulia moyo jinsi anavyokula biskuti kwa kujificha. Wakawa wanakutana kila wiki. Mwaka 1963 mkutano ule ukageuka kampuni, Weight Watchers, ikamtajirisha. Mwaka huo huo nchi za Nodiki zilianzisha hapa kwetu mradi uliozaa Shirika la Elimu Kibaha. Sisi tukapata shule na hospitali, wao wakapata kikoba cha kilo. Kila mtu na bahati yake. Kifungu kikapita kwa kura, muuza maandazi akipinga.

Siku ya kwanza ya kupima ingefaa kuuzwa tiketi. Mizani ikawekwa chumbani kwa mwenyekiti, mlango ukafungwa, kila mmoja akaingia na akiba yake ya visingizio. Khanga zilivuliwa, bangili zilivuliwa, mwalimu mstaafu alivua hadi miwani, kisha akashindwa kusoma namba. Mmoja aliyesuka rasta siku hiyo alikataa kurekodiwa, akidai nywele si zake. Mwingine alisema mizani hiyo inaegemea upande wa dirisha. Tukaihamisha mara tatu, ikasema yale yale.

Faini, nisifiche, hazijatusaidia. Mfuko umenona kuliko sisi tulivyokonda, maana Mtanzania ukimwekea faini ataihesabu kuwa ndiyo bei. Kilichonisaidia kimetoka mahali ambapo sikupategemea: kwa yule yule mpinzani. Muuza maandazi huamka saa tisa usiku kukanda unga, na saa kumi na moja kasoro anatoka na ndoo kichwani kupeleka kwa wateja wake, vibanda vya chai kuanzia kwetu mpaka karibu na Picha ya Ndege. Asubuhi moja akagonga dirisha langu. "Jirani, kuna giza na mbwa wamekuwa wengi. Toka unisindikize."

Sijui kama alikuja kunisaidia au kutafuta mlinzi. Sijamuuliza, na sina mpango. Tangu hapo tunatembea. Msaidizi wangu wa kupunguza uzito ni ndoo ya maandazi ya moto, yenye iliki, inayonitangulia hatua mbili njia nzima. Tuna makubaliano: yeye hanikaribishi, mimi siombi. Nikilala anagonga. Nikinuna anaongea peke yake. Mvua ikinyesha ananiambia maandazi hayaombi ruhusa. Kliniki nzima ya sukari haijaweza kunifanyia hivyo, na sielewi kwa nini. Pale benchini tunakaa tangu asubuhi, kila mmoja na daftari lake, tunasubiri kuambiwa jambo lile lile mmoja mmoja, kisha tunatawanyika bila kujuana majina. Mtu angetuambia tu, "Ninyi wa Mlandizi simameni, ninyi wa Kongowe simameni, tembeeni pamoja," asingetumia hata shilingi.

Nguo zikaanza kulegea. Nikatoa pini, nikapunguza dira upande. Nikadhani sasa nitapongezwa.

Kunenepa nilinenepa mwenyewe, miaka yote hiyo, bila kikao. Watu waliniambia nimependeza, nimetulia, mume ananijua. Kupungua kumeitishiwa kikao, tena Kisarawe, ukweni kwangu, upande wa Maneromango. Kutoka Kibaha kwenda huko, ama uzunguke mjini utokee Gongo la Mboto na Pugu, ama ukatize Kiluvya kwenda Mpuyani. Kwa vyovyote utafika umechoka, na uso uliochoka juu ya mwili uliopungua ni ushahidi tosha.

Shughuli yenyewe ilikuwa binti wa shemeji anatolewa. Zamani mwali wa Kizaramo alikaa ndani muda mrefu, halimi, hachoti maji, hapigwi na jua, anafundwa na kulishwa. Siku akitoka amenona na kung'aa, watu wanajua kwao kuna chakula. Siku hizi kuna shule, mtoto anakaa ndani likizo tu. Lakini macho ya watu hayajaenda likizo. Yanapima vile vile.

"Shikamoo mama," nikamwinamia mama mkwe.

"Marahaba mwanangu. Mbona hivi?" Akanigeuza kushoto, akanigeuza kulia, akanifinya mkono wa juu kama anayenunua kuku. "Nani kakuudhi?"

Wifi mkubwa hakungoja hata nikae. "Wifi, kaka siku hizi anakula peke yake?" Baba watoto akaitwa chini ya mwembe na wazee. Bwana ambaye kosa lake la pekee ni kula chipsi mbele yangu akahojiwa habari za nyumba ndogo, mshahara, na kama bado analeta nyama. Sikumtetea haraka. Nilikunywa kwanza maji.

Huku jikoni wifi mdogo akanivuta pembeni, sauti chini. "Wifi, umepima?"

"Nimepima. 6.7."

"Siyo hiyo wifi. Ile."

Nikawatolea karatasi ya daktari, kwa heshima ya ndoa yangu. Ikazungushwa jikoni mkono kwa mkono. Mama mkwe akaitazama sahani ile kwa muda, akauliza, "Hiki ni chakula cha mtu au cha kuonja chumvi?" Mwingine aliyesoma mjini akashauri niende Mloganzila, huko Muhimbili wanaweka puto tumboni, unashiba kabla hujala. Ni kweli wanaweka. Baba watoto, aliyekuwa ametoroka chini ya mwembe, akauliza bei kwa sauti ya mtu anayeomba lisitajwe jibu.

Kisha chakula kikaja, na hapo ndipo niligundua upungufu mkubwa wa tiba ya kisasa. Karatasi imechora sahani. Haikuchora sinia. Robo ya wanga katika sinia la watu sita iko upande gani? Pilau limekaa kama kilima cha Pugu, na kila wifi anayekupenda anakusukumia mnofu upande wako kwa vidole, "Kula wifi, kula." Ukikataa umeitukana nyumba. Ukikubali umeitukana kongosho.

Aliyenitoa ni mama mkwe. Umri wake hakuna anayeujua kwa hakika, na mwili wake haujawahi kuhitaji kipande cha pembeni. Asubuhi anakula mhogo, mchana bada, wali wa nazi akiupata hauachi. Muuguzi wa zahanati kampima mara nyingi, hana sukari wala presha. Niliwahi kumlalamikia jambo hilo, naye akanijibu bila huruma: "Mhogo wangu naulima kwanza, mwanangu. Wako unaletwa na bodaboda." Basi siku ile akainuka alipokaa, akaja kujibana ubavuni kwangu, na kila mnofu uliosukumwa upande wangu ukaishia mkononi mwake. Hakusema neno. Alikula vizuri sana. Labda alinihurumia, labda aliona nyama inapotea. Matokeo kwangu yalikuwa yale yale.

Tulipoondoka tulifungiwa mhogo nusu gunia, korosho, na pilau la njiani. Pilau alibeba baba watoto, na hakufika nalo.

Sasa naandika haya tukiwa na mgogoro mpya. Mwisho wa mwaka unakaribia, kikoba kinavunjwa, na mfuko wa faini za kilo una fedha za maana. Mimi nilipendekeza tununue glukomita moja na vipimo vyake, tupimane wenyewe kila Jumamosi. Mwalimu mstaafu akaniunga mkono. Wengine wote walitaka sherehe ya kuvunja kikoba, pilau na soda, kwa kuwa mwaka umekuwa mgumu na tumejinyima sana. Kura zikapigwa, pilau likashinda. Muuza maandazi ndiye mpishi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Maili Moja na vitongoji vyake, mimi sitaki dawa. Saa kumi na moja kasoro alfajiri tunapita, mimi na ndoo. Njoo na viatu vya kufunga, mdomo uache nyumbani.